Ethiopia Husomwa kwa Mwinuko: Kuijua Nchi Jirani Kabla ya Kufunga Safari

Msafiri wa Nairobi anayekwenda Dubai au Guangzhou huondoka akiwa amejiandaa: anajua mtaa atakaolala, anajua nauli ya teksi kutoka uwanja wa ndege, na pengine ana namba ya simu ya mtu wa nyumbani aliyekwisha kuzoea kule. Anayekwenda Addis Ababa, safari ya saa mbili hivi kwa ndege, mara nyingi hupanda ndege akiwa na mambo matatu tu kichwani, yaani wanariadha, injera (ule mkate wao mpana na laini) na njaa ya mwaka 1984. Ukaribu hutudanganya. Tunapakana na Ethiopia kwa zaidi ya kilomita 800, tunao Waborana na Wasomali wanaoishi pande zote mbili za mpaka, hoteli za Kiethiopia tunazo Kilimani na Hurlingham, na kwa sababu hiyo tunadhani tunaijua.

Yule anayeamua kujifunza kabla ya kwenda hukabiliwa na tatizo lingine, nalo ni wingi wa habari zisizoshikana. Atasoma juu ya kalenda yenye miezi 13, makanisa yaliyochongwa ndani ya mwamba, lugha zaidi ya 80, bwawa kubwa juu ya Mto Nile, vita vya kaskazini na mifungo isiyokwisha. Kila habari ni ya kweli, lakini hakuna inayomsaidia kuielewa nyingine. Makala haya yanapendekeza mahali pa kuanzia, na mahali penyewe si historia wala siasa wala orodha ya vivutio, bali ni urefu wa ardhi kutoka usawa wa bahari. Ukishafahamu Waethiopia wengi wanaishi juu kiasi gani, na kwa nini wamechagua kuishi huko, mengi yanayoonekana kuwa ya ajabu huanza kufuatana yenyewe.

Nchi ya juu na nchi ya chini

Tafuta kwanza ramani ya maumbile, ile inayoonyesha milima na mabonde kwa rangi, kabla ya kutazama ramani ya mipaka ya majimbo. Utaona uwanda mkubwa ulioinuka katikati ya nchi, ukiwa umepasuliwa na Bonde la Ufa kutoka kusini-magharibi kwenda kaskazini-mashariki, na ukizungukwa pande zote na nyanda za chini zenye joto. Sehemu kubwa zaidi ya ardhi ya Afrika iliyo juu sana imo humo. Mlima Ras Dejen, katika safu ya Simien, unafika mita 4,500 na ushei. Kule kaskazini-mashariki, katika nchi ya Waafar, ardhi ya Danakil imedidimia zaidi ya mita 100 chini ya usawa wa bahari, na ni miongoni mwa mahali penye joto kali kuliko pote duniani. Hizo zote ni sehemu za nchi moja, na mtu akikuuliza hali ya hewa ya Ethiopia ikoje, jibu la haki ni kumuuliza anakwenda urefu gani.

Wenyewe wamelitambua jambo hilo tangu zamani, na hugawa nchi yao kwa mwinuko. Ardhi iliyo chini ya takriban mita 1,500 huiita kolla, yaani nchi ya joto, ya mtama, ngamia na mbuzi. Kutoka hapo hadi karibu mita 2,400 ni woina dega, nchi ya wastani, na juu yake ni dega, nchi ya baridi, ya shayiri na kondoo. Kwa kipimo hicho Nairobi, iliyo kwenye mita 1,700 hivi, ingekuwa woina dega, na Addis Ababa, ambayo katikati yake iko karibu mita 2,400, inakaa ukingoni mwa dega. Vilima vya Entoto vilivyo kaskazini mwa jiji vinapita mita 3,000, na ndiko wanariadha wanakokimbia alfajiri. Mtu wa Nairobi atahema kidogo kwenye ngazi siku ya kwanza; aliyetoka Mombasa moja kwa moja atahema zaidi, na asione aibu kupumzika.

Mgawanyo huu si wa hali ya hewa peke yake. Malaria hupungua sana ukipanda juu ya mita 2,000. Mvua ni nyingi zaidi juu kuliko chini, udongo wa volkano una rutuba, na teff, nafaka ndogo kuliko ulezi inayotengenezwa injera, hustawi vizuri katika woina dega. Kwa hiyo kwa karne nyingi watu wamejazana juu, wakilima kwa plau inayovutwa na maksai, na nyanda za chini zikabaki za wafugaji wanaohama na mifugo yao. Ethiopia leo ina watu zaidi ya milioni 120, na ndiyo ya pili kwa wingi wa watu barani baada ya Nigeria. Idadi hiyo haikutawanyika sawasawa, na msafiri anayetoka Addis kwa basi ataona mashamba yaliyopanda hadi kwenye miteremko ambayo kwetu tungewaachia nyani.

Addis yenyewe ni matokeo ya mwinuko. Mfalme Menelik wa Pili alikuwa na makao yake juu Entoto, kwenye baridi na upepo, na mkewe Taytu alivutiwa na chemchemi za maji ya moto zilizoko chini yake. Mwaka 1886 mji ukaanzishwa hapo. Kuni zikaanza kwisha haraka, na katika miaka ya 1890 ikaletwa mikaratusi kutoka Australia, ambayo ilikua upesi kiasi kwamba mji haukulazimika kuhama kama makao ya wafalme wa kabla yake yalivyozoea kuhama. Miti unayoiona Entoto leo ndiyo hiyo, na bado kuna wanawake wanaoteremka na mizigo ya kuni migongoni, mizigo mipana kuliko barabara ndogo wanazopita.

Mvua na maji

Mwezi wa kusafiri huchaguliwa kwa mvua, na hapa Mkenya hukosea kwa urahisi kwa sababu anapima kwa mvua zake. Sisi tunazo mvua za masika kuanzia Machi hadi Mei na za vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba. Nyanda za juu za Ethiopia hupata mvua zake kubwa, kiremt, kuanzia Juni hadi Septemba, zikitanguliwa na mvua ndogo ziitwazo belg kati ya Februari na Mei. Maana yake ni kwamba likizo ya shule ya Agosti, ambayo wazazi wengi wa Nairobi huona ndiyo nafasi, inaangukia katika wiki za matope, ukungu na mvua ya mawe jijini Addis. Likizo ya Desemba ni bora zaidi: anga ni safi, mavuno yanaingia ghalani, ila usiku ni wa baridi na sweta si anasa. Kusini kabisa, katika nchi ya Waborana, mvua hufuata utaratibu unaofanana na wetu wa Marsabit na Moyale, jambo ambalo halishangazi ukikumbuka kwamba ni ardhi moja iliyokatwa na mpaka.

Mvua hizo za juu haziwanufaishi Waethiopia peke yao. Abbay, ambao dunia inauita Nile ya Buluu, unatoka Ziwa Tana karibu na mji wa Bahir Dar, na pamoja na mito mingine ya Ethiopia huchangia sehemu kubwa kabisa ya maji ya Nile yanayofika Misri. Mto Omo unateremka kusini na ndio unaojaza Ziwa Turkana. Wabi Shebelle na Juba huenda Somalia, na Daua, mmoja wa mito inayozaa Juba, hupita Mandera mpakani mwetu. Ukiyaona maji hayo yakimwagika kutoka juu kwenda kwa majirani wote, utaelewa kwa nini GERD, bwawa kubwa lililo kwenye Abbay, lililoanza kujengwa mwaka 2011 na kuzinduliwa Septemba 2025, limekuwa jambo la heshima ya taifa. Wananchi wa kawaida walinunua hatifungani na kuchanga ili lijengwe. Wakati huohuo utaelewa kwa nini Misri imelipinga, na kwa nini jamii za Turkana zilikuwa na wasiwasi wao juu ya bwawa la Gibe III kwenye Omo. Mgeni anayetoka Kenya ana sababu ya kusikiliza zaidi ya kusema, kwa kuwa tangu mwishoni mwa mwaka 2022 sehemu ya umeme unaowaka Nairobi imekuwa ikinunuliwa kutoka huko, ikipita kwenye nyaya zenye urefu wa zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Sodo hadi Suswa.

Watu wengi katika nchi moja

Uwanda wa juu wa Ethiopia haukulala tambarare. Mito imeuchimba kwa mamilioni ya miaka, na korongo la Abbay kwa mahali lina kina cha zaidi ya kilomita moja. Vijiji viwili vinaweza kuonana ng'ambo kwa ng'ambo na bado kuchukua siku nzima kufikiana kwa miguu. Ardhi ya namna hiyo hulinda, na pia hutenga. Imesaidia dola la kale la nyanda za juu kudumu bila kumezwa na wageni, na imeacha lugha nyingi ziendelee kuishi kila moja kwenye kilima chake.

Ulinzi huo hutajwa sana kwa ajili ya Adwa, ambako tarehe 1 Machi 1896 jeshi la Menelik liliwashinda Waitaliano katika milima ya Tigray. Milima ilisaidia, lakini ushindi haukuletwa na milima peke yake. Menelik alikuwa amekusanya bunduki kwa miaka na kuita askari kutoka karibu kila pembe ya himaya. Waitaliano walirudi na kuikalia nchi kuanzia mwaka 1936 hadi 1941, na katika Februari 1937 waliwaua maelfu ya wakazi wa Addis Ababa ndani ya siku chache. Mnara wa kuwakumbuka uko Sidist Kilo, na ni vyema kuupitia kabla ya kurudia ule msemo kwamba Ethiopia haikuguswa na mkoloni.

Kuna jambo jingine ambalo mgeni hulijua akiwa amechelewa. Menelik huyohuyo aliyeshinda Adwa ndiye aliyepanua himaya yake kusini, mashariki na magharibi kwa nguvu za silaha, akiwatia chini ya utawala wake Waoromo wengi, Wakafa, Wawolayta na wengineo, ambao baadhi yao walipoteza ardhi na uhuru. Sanamu yake akiwa juu ya farasi jijini Addis humtia mmoja fahari na mwingine uchungu, nao wanaweza kuwa wamekaa katika basi moja. Ubishi huo ndio uliomo ndani ya katiba ya mwaka 1995, iliyoigawa nchi katika majimbo yanayofuata kwa kiasi kikubwa makabila na lugha, na ambayo katika kifungu chake cha 39 inatambua hata haki ya kujitenga. Majimbo leo ni 12, pamoja na miji ya Addis Ababa na Dire Dawa inayojitegemea. Sidama ilipata jimbo lake mwaka 2020 baada ya kura ya maoni, na jimbo la zamani la kusini limegawanywa tangu hapo. Ramani iliyochapwa miaka kumi iliyopita haikufai kwa safari ya mwaka huu.

Kwa mtazamo wangu, msafiri wa Kenya angepaswa kuzielewa lugha mbili za kule, japo si kwa kuzizungumza. Kiamhari ndicho lugha ya kazi ya serikali ya shirikisho na ndicho utakachokisikia Addis na miji mingi. Huandikwa kwa herufi za fidel, ambazo ni zaidi ya 200, kila moja ikibeba konsonanti na irabu yake. Kioromo ndicho lugha ya jamii kubwa kuliko zote, kama theluthi moja ya wananchi kwa sensa ya mwaka 2007, na huandikwa kwa herufi za Kilatini kama Kiswahili. Kioromo ni ndugu wa damu wa Kiborana cha Marsabit na Isiolo na cha Waorma wa Tana River. Rafiki yako anayezungumza Kiborana atasikilizana na watu kutoka Moyale hadi viungani mwa Addis, na hilo litakufaa kuliko kitabu chochote cha misemo kinachouzwa uwanja wa ndege.

Imani, mfungo na sahani

Ukristo uliingia ikulu ya Aksum, ufalme wa kale wa kaskazini, katika karne ya 4, wakati wa Mfalme Ezana, kabla ya sehemu kubwa ya Ulaya kubatizwa. Uislamu nao ulifika mapema ajabu: Waislamu wa mwanzo waliokimbia mateso ya Makka yapata mwaka 615 walipewa hifadhi na Najashi, mfalme wa Uhabeshi, na kisa hicho kila mtoto wa madrasa ya Eastleigh au Majengo anakijua. Kwa sensa ya 2007, Waorthodoksi walikuwa asilimia 43 na nusu hivi, Waislamu karibu asilimia 34, na Waprotestanti kama asilimia 18. Kwa hiyo anayeiita Ethiopia nchi ya Kikristo amesema nusu ya habari. Lalibela, upande wa kaskazini, ni mji wenye makanisa 11 ya mwamba. Harar, upande wa mashariki, ni mji wa Kiislamu uliozungushiwa ukuta, wenye misikiti mingi na vichochoro ambavyo mtu wa Lamu hatavionea ugeni.

Waorthodoksi hufunga kila Jumatano na Ijumaa, hufunga siku 55 kabla ya Pasaka, na kuna mifungo mingine katikati. Ukijumlisha, mcha Mungu hufunga zaidi ya siku 180 kwa mwaka. Kufunga huko ni kutokula chochote kitokacho kwa mnyama, iwe nyama, maziwa, siagi au mayai, na wengi hawali kitu mpaka mchana au alasiri. Mgeni aliyeota sahani ya doro wat, kuku wa mchuzi mzito wa pilipili, akifika siku ya Jumatano ataambiwa hakuna. Ataletewa injera iliyopangiwa shiro (mchuzi mzito wa unga wa jamii ya kunde), dengu, kabichi, sukumawiki na bitiruti, na huenda akagundua kwamba ndiyo sahani bora zaidi ya nchi hiyo, maana wapishi waliofunga nusu ya mwaka kwa karne 16 wamepata nafasi ya kutosha ya kuipatia mboga ladha. Wasiokula nyama waende bila wasiwasi.

Hata injera ina mipaka yake ya mwinuko na mahali. Kusini, kwa Waguraghe na Wasidama, chakula cha asili ni enset, mmea unaofanana na mgomba ambao huliwa shina na mzizi wake badala ya tunda. Unga wake huchachushwa ardhini na kuokwa kuwa mkate uitwao kocho. Nyanda za chini utakula nyama ya mbuzi, maziwa ya ngamia na wali, chakula ambacho Mnairobi aliyewahi kula Eastleigh tayari anakifahamu.

Kahawa inastahili aya yake, kwa kuwa ndipo mgeni anapopimwa bila kujua. Mti wa kahawa ya arabika asili yake ni misitu ya kusini-magharibi, upande wa Kafa, na karibu nusu ya kahawa ya Ethiopia hunywewa humohumo nchini, wakati sisi tunauza nje karibu yote tunayolima kisha tunapika chai. Ukialikwa nyumbani, mwenyeji atatandaza majani mabichi sakafuni, ataosha punje mbichi, atazikaanga mbele yako kwenye makaa, kisha atazungusha kikaango ili kila mgeni avute moshi wake. Atatwanga, atachemsha katika jebena, birika la udongo lenye shingo ndefu, na kumimina kutoka juu kwenye vifinjani visivyo na mkono, huku ubani ukifuka na bisi zikipitishwa. Raundi ni tatu: abol, tona na baraka, kila moja nyepesi kuliko iliyotangulia. Jambo zima linaweza kuchukua saa moja na zaidi. Kuondoka baada ya kifinjani cha kwanza kwa sababu una miadi ni kumwambia mwenyeji kwamba hukuja kwake, ulipitia. Na mwenyeji akikunja tonge la injera na kukulisha kwa mkono wake, hiyo ni gursha, ishara ya upendo, fungua kinywa.

Saa, tarehe na majina

Habari inayowatisha wageni wa Ulaya ni kwamba Waethiopia huanza kuhesabu saa jua linapochomoza. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kufafanuliwa: saa moja asubuhi ya Addis ndiyo saa moja asubuhi ya Nairobi, na hata majira ni yaleyale, hatutofautiani hata dakika. Tofauti ni kwamba sisi tumezoea kutamka saa kwa Kiswahili na kuiandika kwa Kiingereza. Kule huandika kama wanavyotamka. Tiketi ya basi iliyoandikwa 12:00 ina maana ya saa kumi na mbili alfajiri, na Mkenya aliyezoea maandishi ya shule ataisoma kuwa ni saa sita mchana na kufika kituoni basi likiwa limekwisha kwenda zaidi ya kilomita 200. Ndege hutumia saa za kimataifa. Kwenye kitu kingine chochote, uliza mchana au usiku, kisha rudia saa kwa sauti.

Kalenda yao ina miezi 12 ya siku 30 na mwezi wa 13, Pagume, wenye siku tano au sita. Mwaka mpya huanguka Septemba 11, au 12 kila baada ya miaka minne, wakati mvua zinapokoma na maua ya njano ya adey abeba yanapofunika mabonde. Hesabu yao ya miaka iko nyuma ya yetu kwa miaka saba au minane kutegemea mwezi, ndiyo sababu walisherehekea mwaka 2000 wao mnamo Septemba 2007. Sikukuu kubwa za kuangalia kabla ya kukata tiketi ni Meskel karibu Septemba 27, Krismasi ya Januari 7, na Timkat, sikukuu ya ubatizo wa Yesu, Januari 19. Hoteli za Gondar na Lalibela hujaa mapema siku hizo.

Majina nayo yana utaratibu wake. Waethiopia wengi hawana jina la ukoo; jina la pili ni la baba, la tatu ni la babu, na mtu huitwa kwa jina lake la kwanza hata akiwa mkubwa kiasi gani. Mwanariadha Haile Gebrselassie ni Haile, na kumwita Bwana Gebrselassie ni kumwita baba yake. Mwanamume wa heshima huitwa Ato, mwanamke aliyeolewa Weizero, na mke habadilishi jina kwa kuolewa. Anayejaza fomu za hoteli au za kibiashara akumbuke hilo, maana mume na mke halali hawatakuwa na jina la mwisho linalofanana.

Fedha, habari na barabara

Bei ulizozisoma katika maandishi ya zamani zitupilie mbali. Julai 2024 serikali iliiachia birr ifuate soko, na ikapoteza zaidi ya nusu ya thamani yake ya awali dhidi ya dola katika miezi iliyofuata. M-Pesa ipo Ethiopia tangu mwaka 2023, lakini ni huduma ya kule, kwa birr na kwa laini ya kule, ikishindana na telebirr ya Ethio telecom ambayo ndiyo imeenea zaidi. Kubadilisha fedha mitaani kunavutia na ni kosa la jinai. Mkenya hahitaji viza kwa matembezi mafupi, ila cheti cha chanjo ya homa ya manjano kiwe ndani ya pasipoti.

Habari za usalama nimeziweka mwisho kwa makusudi, kwa sababu bila hayo yaliyotangulia husomeka vibaya. Vita vya Tigray, kati ya serikali ya shirikisho na wapiganaji wa jimbo hilo la kaskazini, vilivyoanza Novemba 2020, vilisimamishwa kwa mkataba wa Pretoria wa Novemba 2022, na siku kumi baadaye makamanda wa pande mbili walitia saini ya utekelezaji hapa Nairobi. Mwaka uliofuata mapigano yakazuka katika jimbo la Amhara, na sehemu za Oromia zimekuwa na waasi kwa miaka. Anayeuliza kama Ethiopia ni salama ameuliza swali lisilo na jibu, sawa na anayeuliza kama ina joto. Uliza juu ya barabara fulani, kati ya mji fulani na mji fulani, wiki hii, na umuulize mtu aliyeipita. Lalibela na Gondar ziko Amhara. Kufika kwa ndege na kufika kwa basi ni mambo mawili tofauti kabisa.

Kwa mwenye muda, njia ninayoipendekeza ni ya nchi kavu kupitia Moyale, kwa kuwa barabara hiyo humpandisha msafiri ngazi zote za mwinuko. Kutoka Nairobi hadi Moyale ni karibu kilomita 780 za lami, kupitia Isiolo na Marsabit. Forodha za nchi mbili hufanya kazi pamoja katika kituo kimoja, na ukishapigwa muhuri gari linahama kutoka kushoto kwenda kulia mwa barabara, kwa hiyo utazame kushoto kwanza kabla ya kuvuka. Moyale iko mita 1,100 hivi: kolla, ngamia, miba. Ukifika Yabelo umepanda, na ng'ombe wa Waborana wamechukua nafasi ya ngamia. Dilla ni nchi ya Wagedeo, ambako kahawa na enset hukua pamoja chini ya miti mikubwa ya kivuli. Mandhari hayo yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2023. Hawassa, kando ya ziwa ndani ya Bonde la Ufa, iko mita 1,700, karibu sawasawa na Nairobi, na mwili wako utautambua mji huo kabla hujauzoea kwa macho. Mabasi ya masafa marefu huanza safari kabla ya mapambazuko na kwa kawaida hayasafiri usiku, kwa hiyo panga kulala njiani walau mara moja, na Hawassa ndiyo mahali pa kulala: samaki wa ziwani huuzwa asubuhi ufukweni, na basi la Addis litakuwa limekwisha kukuacha ikiwa hukuisoma tiketi yako kwa Kiswahili.